Kilo Zikidanganya, Tuulize Mkono



Mwenzangu mmoja amedai hadharani kwamba kwa mgonjwa wa moyo, figo au UKIMWI inatosha kupima uzito na urefu. Mengine, anasema, ni anasa ya wenye maabara. Faida za mizani mnazijua, sitazirudia. Nimekuja kulipinga dai hilo.

Huko Kalengera, Kivu, nilimpima mama mmoja mwenye ugonjwa wa moyo. Kilo zilikuwa zimeongezeka. Watoto wake wakamshukuru Mungu, nami nikashukuru pamoja nao. Kisha nikambonyeza kifundo cha mguu, shimo likabaki. Mwili ulikuwa umejaa maji, na mabegani mifupa imetokeza.

Tufanye hesabu. Mtu wa mita 1.70 ana kilo 55. Gawanya uzito kwa kipeo cha pili cha urefu: unapata 19. Amevuka 18.5, mpaka wa Shirika la Afya Duniani, na kadi inasema hajakonda. Mwondolee lita 5 za maji ya uvimbe, yaani kilo 5: unapata 17.3. Amekonda, na hakuna aliyemwanzishia lishe. Kanuni hiyo ni ya Adolphe Quetelet, mtakwimu wa Ubelgiji wa karne ya 19, aliyetafuta wastani wa watu. Ancel Keys alipoipa jina lake la leo, BMI, mwaka 1972, alikuwa amepima wanaume wenye afya. Mama wa Kalengera hayumo katika hesabu zao.

Mashine ya umeme je? Hupitisha umeme mdogo mwilini na kukadiria nyama kwa kudhani kwamba maji ni kama asilimia 73 ya mwili usio na mafuta. Aliyevimba ameshaivunja dhana hiyo.

Kitabu nisichochoka kukifungua ni cha Derrick Jelliffe, aliyekuwa mwalimu wa Makerere, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1966. Tazameni unyenyekevu wa njia yake ya kupima mkono: mkono wa kushoto uning'inie, tafuta katikati ya bega na kiwiko, zungusha utepe bila kubana. Kisha pima unene wa mkunjo wa ngozi nyuma ya mkono, zidisha kwa 3.14, na jibu ulitoe kwenye mzingo wa mkono. Mkono wa sentimita 23 wenye mkunjo wa sentimita 1 unabaki na 19.9 za msuli na mfupa. Utepe na koleo la ngozi, basi.

Nakubali: kwa watoto tuna milimita 115, kwa watu wazima hatuna mpaka mmoja unaokubalika kote. Nakubali pia kwamba uvimbe mkubwa hufika mkononi. Lakini maji hutangulia miguuni, na mkono wa leo una mkono wa mwezi uliopita wa kulinganishwa nao.

Wauguzi wa Kivu, utepe mnao tayari kwa ajili ya watoto. Mzungushieni na mama yao, kila anapokuja, mkono uleule, na namba iandikwe kwenye kadi kando ya kilo.