Hendibreki Baada ya Shuu Mpya: Kazi Inayomalizikia Barabarani

Mwenyekiti, mafundi wenzangu wa Reuben, Kwa Njenga na Viwandani, na nyinyi wanafunzi mliokuja na ovaroli zenu:

Eneo letu la Mukuru ni tambarare. Kutoka Barabara ya Enterprise hadi Outer Ring hakuna mlima wa kumuumbua fundi, na kwa hiyo hendibreki mbovu inaweza kuishi Mukuru miaka bila mwenye gari kushtuka. Analiacha kwenye gia, anasukumia jiwe nyuma ya gurudumu, anakwenda zake. Siku atakapokwama kwenye foleni ya mteremko wa Maai Mahiu, familia nzima ikiwa ndani, ndipo atakapokumbuka kwamba aliwahi kulipia shuu mpya. Fundi aliyezifunga hatakuwepo kujieleza.

Ninachotaka kusema leo ni kimoja: kufunga shuu mpya za hendibreki ni nusu ya kazi. Nusu ya pili hufanyika gari likitembea, na hapa kwetu nusu hiyo karibu haifanywi.

Nisieleweke vibaya kwamba nazungumzia kila gari. Probox, ambayo imejaa mtaani kuliko baiskeli, ina dramu nyuma, na hendibreki yake huvuta shuu zilezile za breki ya mguu. Kila dereva anapokanyaga, shuu zinasuguana na dramu, na baada ya siku kadhaa zimekaa mahali pake. Magari mengi ya Ulaya, mfano Golf na Passat, yana hendibreki iliyounganishwa ndani ya kalipa ya nyuma, kwa hiyo pedi ni zilezile. Hayo nayo hujisaidia. Shida iko kwenye Subaru, yaani Forester, Legacy na Impreza, na kwenye Prado na Mark X: magari yenye diski nyuma ambazo katikati yake, pale panapovimba, pamefichwa dramu ndogo yenye shuu zake za pekee.

Shuu hizo hazina kazi nyingine. Dereva mstaarabu huvuta hendibreki gari likiwa limesimama, kwa hiyo shuu inakumbatia dramu isiyozunguka, kisha inaachilia. Hakuna msuguano. Shuu mpya inaweza kukaa mwaka mzima ikiwa bado na sura ileile iliyotoka nayo kwenye boksi. Na sura hiyo haifanani na dramu iliyopo: dramu imeliwa kidogo, ina kutu, pengine ina ukingo uliojijenga pembeni, nayo shuu imechongwa kwa kipimo cha dramu mpya. Zikikutana, zinagusana sehemu chache tu, kama sufuria iliyotegwa juu ya mafiga yasiyolingana. Ukiongeza kwamba lainingi mpya bado haijapata joto la kuifanya ishike ipasavyo, unaelewa kwa nini mteja anarudi kesho yake akilalamika kwamba spea ulizomwekea ni feki. Huenda ni feki kweli, soko la spea la Grogan tunalijua. Lakini mara nyingi spea ni nzima, haijazoeshwa tu.

Mteja akirudi, fundi wetu hufanya nini? Anafungua plastiki ya katikati ya viti, anashika spana namba kumi, anakaza kebo. Mkono wa hendibreki unapanda meno matatu tu na kuwa mgumu, mteja anafurahi, kazi imekwisha. Hapa lazima niseme wazi, hata kama wengine watanuna: kukaza kebo kwa namna hiyo ni kuficha ugonjwa. Kebo iliyovutwa kupita kiasi hufanya shuu ziguse dramu wakati wote, zipate moto, zing'ae kama kioo na zipoteze kushika. Kwenye gari la dramu kama Probox hasara ni nyingine tena: wenzo ulio ndani ya dramu haurudi mpaka mwisho wake, na ajasta inayotakiwa kujikaza yenyewe inashindwa kufanya kazi. Breki ya mguu nayo inaanza kushuka chini, mtu anakuja kuomba umtoe hewa kwenye breki ambayo haina hewa.

Mpangilio ni huu. Kwanza legeza kebo kabisa. Safisha dramu kwa msasa, toa kutu na ukingo. Kama imeharibika sana, diski ipelekwe kwenye leithi. Vumbi usilipulize kwa kompresa, kwa sababu hujui lainingi kuukuu ilitengenezwa na nini, na asibestosi haina harufu. Lilowanishe, ulifute kwa kitambaa, ukitupe kitambaa. Ukikuta oili ya difu imevuja mpaka kwenye shuu, usianze kuziosha kwa petroli ukajidanganya. Badilisha sili kwanza, kisha shuu. Halafu rudisha diski, ifunge kwa nati za gurudumu ili ikae sawa, na kupitia tundu lake ingiza bisibisi uzungushe ajasta yenye meno mpaka diski isizunguke kwa mkono. Kisha urudishe nyuma. Toyota nyingi za aina hii huelekezwa kurudishwa meno manane. Subaru hurudishwa machache zaidi, matatu au manne. Diski izunguke huru bila kukwaruza. Hapo ndipo unapokwenda kwenye kebo, na utashangaa jinsi inavyohitaji kuguswa kidogo.

Sasa barabarani. Toyota katika vitabu vyao vya ufundi wanaelekeza hivi: gari liende kama kilomita 50 kwa saa kwenye barabara kavu, tambarare na salama, kitufe cha hendibreki kikiwa kimebonyezwa ndani, mkono uvutwe kwa nguvu ya takriban kilo 9, na gari liendelee hivyo kwa mita 400. Hilo lirudiwe mara mbili au tatu. Subaru wao ni wapole zaidi kwa mwendo na umbali: kilomita 35 kwa saa, mita 200, kisha usubiri dakika tano hadi kumi breki zipoe kabla ya kurudia. Mwenye mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia, aivute siku moja mpaka isome kilo 9, ili mkono wake ujifunze. Ni mvuto mdogo kuliko wengi wanavyodhani. Gari linatakiwa lizuiwe kidogo tu, lisisimamishwe.

Kitufe hakiachiliwi hata nukta moja. Ukikiachilia, jino linakamata, na magurudumu ya nyuma yakifunga kwa mwendo huo gari litageuka kabla hujatamka jina la mama yako. Jambo la pili ambalo watu hulisahau: ukivuta hendibreki, taa za breki haziwaki. Matatu iliyo nyuma yako haijui kwamba unapunguza mwendo. Kwa hiyo awepo mtu wa pili wa kutazama nyuma, na taa za hatari ziwashwe. Kwa Mark X na nyingine za kukanyaga kwa mguu, hakuna kitufe cha kushikilia, basi mwendo uwe mdogo zaidi na ukanyage hatua kwa hatua, ukijua tayari jinsi ya kuachilia.

Mita 400 tutazipata wapi? Ndani ya Reuben haziko. Barabara tulizowekewa lami wakati wa NMS, iliyokuwa mamlaka ya huduma za jiji la Nairobi kati ya 2020 na 2022, zimetusaidia sana, lakini ni barabara za watoto wa shule, mikokoteni na mama wa samaki. Anayejaribu breki hapo anatafuta kesi. Barabara ya Lunga Lunga siku za kazi ni malori tu. Nafasi yetu ni Jumapili asubuhi, viwanda vikiwa vimefungwa, kwenye barabara za ndani za Industrial Area. Mpangie mteja siku hiyo, na aje mwenyewe akae kiti cha pembeni. Ataona anacholipia.

Baada ya mizunguko hiyo gari likipoa, pima tena. Ncha za lainingi zilizokuwa zimeinuka zitakuwa zimelika, nafasi imeongezeka, mkono utapanda juu zaidi kuliko ulivyouacha. Rudi kwenye ajasta, usikimbilie kebo. Magari mengi yanataka mkono ukae kati ya meno matano na tisa ukivutwa kwa kilo 20. Namba kamili iko kwenye kitabu cha gari husika, na siku hizi kila mmoja wetu ana simu.

Tahadhari moja kwa mnaohudumia malori ya viwandani. Canter na Isuzu za mtindo wa NKR na NPR zina hendibreki nyuma ya giaboksi, inashika propela. Kuivuta gari likitembea kunaumiza propela na difu pamoja. Msichukue niliyosema kuhusu Subaru mkayapeleka huko.

Limebaki suala la malipo, ambalo nadhani ndilo chanzo cha yote. Tunalipwa kwa spea iliyofungwa. Saa moja ya kulitembeza gari, kusubiri lipoe, kulifungua tena magurudumu mawili, hakuna anayeiandika kwenye bei. Fundi anayeifanya anaonekana mvivu, jirani yake amekwisha kutoa magari mawili. Sioni kwa nini tusiitaje kazi hii kwenye hesabu kama mstari wake wenyewe, na mafuta ya safari juu ya mteja. Akikataa kulipa, aambiwe mbele ya mashahidi kwamba hendibreki yake haijamalizika. Akishindwa kwenye roli za kupimia breki kituo cha ukaguzi cha Barabara ya Likoni, asituangukie sisi.

Na kwa kuwa hatuna mlima, napendekeza tujenge. Kanuni za kimataifa za magari madogo zinataka hendibreki ilishike gari lenye mzigo kwenye mwinuko wa asilimia 20, yaani mita moja kwenda juu kwa kila mita tano za mbele. Rampu ya zege ya kiasi hicho, yenye upana wa gari moja na kizuizi imara chini yake, inaingia kwenye kiwanja cha gereji ya kawaida. Gari lipandishwe likitazama juu, liwekwe huru, hendibreki ivutwe, mguu utolewe. Kisha ligeuzwe litazame chini, kwa sababu shuu zinaweza kushika vizuri upande mmoja na kuteleza upande wa pili.

Zege, nondo na ruhusa ya mwenye kiwanja tunaweza kuvijadili mchana. Gumu zaidi ni nani atakayeitunza rampu hiyo na kama gereji zisizochangia zitaruhusiwa kuitumia. Maoni yangu ni kwamba ziruhusiwe, kwa ada ndogo, lakini najua wapo hapa wasiokubaliana nami, na ningependa waanze wao kuzungumza.