Maporomoko ya Maji, na Mali ya Kuyatia Kazini

Ndugu waalimu, na ninyi nyote wa mitaa ya Masasi na Newala,

Tumeombwa tuseme habari za umeme utokao katika maji, na jinsi wenye mali wavutwavyo kuweka mali zao katika kazi hiyo. Labda mtu atauliza, Sisi wa uwanda wa Makonde tuna nini na habari hiyo? Huku juu hapana mto. Mvua ikinyesha hunywewa na mchanga, ikashuka ndani kwa ndani hata ikatokea chini ya magenge; na mama zetu waliishi miaka na miaka wakishuka na mitungi mitupu na kupanda na mitungi mizito. Hayo ni kweli. Lakini kwa sababu hiyo hiyo twaona ya kuwa habari hii yatuhusu sisi kuliko watu wengi, maana maji yetu hayapandi ila kwa mashine, na mashine haigeuki bure.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe, kwa kuwa waalimu wataulizwa na watoto. Nguvu ya maji hutoka katika mambo mawili: wingi wake, na kimo cha kuanguka kwake. Meta moja ya ujazo ikipita kila sekunde, na kuanguka meta 100, hutoa kiasi cha kilowati 800, baada ya kutoa kile kipoteacho njiani. Mashine ya dizeli hununuliwa kwa fedha kidogo, kisha hula mafuta kila siku ya maisha yake. Mashine ya maji ni kinyume: haili kitu, lakini ukuta, mfereji, mabomba, nyaya na nyumba yake vyote hulipwa kabla taa moja haijawaka. Basi aliyetoa fedha hana budi kungoja miaka mingi hata irudi.

Kwa hiyo mwenye mali huuliza nini? Wengi hudhani huuliza ukubwa wa maporomoko. Huuliza hilo, walakini swali lililo zito kwake ni jingine: Nani atakayenunua umeme huu, kwa bei gani, kwa miaka mingapi, na je, atalipa? Wakulima wa korosho hawana haja ya kufafanuliwa sana. Katika mpango wa stakabadhi ghalani, ulioanza katika korosho mwaka 2007, benki hukopesha chama, si kwa sababu ya maneno mazuri ya katibu, bali kwa sababu ya karatasi ishuhudiayo ya kuwa korosho zimo ghalani, zimepimwa, na daraja lake lajulikana. Mkataba wa kuuza umeme ndio stakabadhi ya mwenye mtambo. Bila huo, mto ni mto tu.

Hapa nchini Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 ilifungua njia, na EWURA, mamlaka isimamiayo bei za nishati na maji, ikaweka mkataba wa namna moja kwa mitambo midogo, tangu kilowati 100 hata megawati 10, ili mtu mdogo asishindane na TANESCO juu ya kila neno. Mfano mzuri ni wa Masista Wabenediktini wa Chipole, katika mkoa wa Ruvuma. Walijenga mtambo wa megawati 5 huko Tulila, juu ya mto Ruvuma, ukaanza kazi mwaka 2015, na umeme wake kuuzwa kwa TANESCO. Zamani zile mji wa Songea uliwashwa kwa dizeli, na gridi ya Taifa haikufika huko mpaka mwaka 2018. Tazameni maana yake: mnunuzi alikuwapo, tena alikuwa akichoma mafuta ya bei kubwa, hata kila uniti iliyotoka katika maji ilimpunguzia mzigo. Kazi yenye hesabu ya namna hiyo hukopesheka. Na maji yale yale, yakiisha kuzungusha mashine za Tulila, hushika safari yake mpaka yakapita chini ya magenge ya Newala, pale tuyatazamapo kutoka Shimo la Mungu.

Lakini mali haivutwi kwa kamba yoyote. Jirani zetu wa Uganda walijengewa Bujagali, katika mto Nile, megawati 250, kazi iliyokwisha mwaka 2012 kwa mali ya makampuni na mikopo mikubwa. Giza likapungua. Ila umeme wake ulikuwa ghali, kwa kuwa mkataba uliwaahidi wenye mali marejeo yao, hata ikabidi madeni yapangwe upya mwaka 2018 ili bei ishuke. Hatuwacheki, mwenye kiu hakawii kukubali bei. Serikali yetu ilishika njia nyingine huko Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mashine 9 na megawati 2,115, lilijengwa kwa fedha ya Serikali, kwa mkataba wa kiasi cha shilingi trilioni 6.5, mashine ya kwanza ikawashwa mwaka 2024 na ya mwisho mwaka 2025. Hapo hapana mgeni wa kudai faida, lakini fedha ile ni ya kodi zetu, na shilingi iliyokwenda Rufiji haikwenda penginepo.

Tena mwenye kukopesha huuliza habari za mwaka wa njaa ya mvua, maana mwaka 2006, na tena mwaka 2011, maji yalipungua katika mabwawa, na nchi nzima ikagawiwa umeme kwa zamu. Huuliza hata habari za vyura. Msicheke! Kihansi, mtambo wa megawati 180, ulipowashwa na maji kuhamishwa, vyura wadogo walioishi katika manyunyu ya maporomoko yale wakatoweka huko porini, ikawa kazi ya miaka mingi kuwalea Marekani na kuwarudisha mwaka 2012.

Sasa turudi nyumbani, kwa kuwa sisi tumekwisha kuliona jambo hili lote, si katika umeme bali katika maji. Katika miaka ya 1950 lilianzishwa Shirika la Maji la Makonde kwa fedha ya mkopo; maji yakasukumwa kutoka bondeni hata juu, na watu wakayanunua. Baada ya Uhuru maji ya vijijini yakafanywa ya bure, kwa nia njema. Wafini wakaja katika miaka ya 1970 kusaidia maji ya Mtwara na Lindi. Lakini mashine iliendelea kula, na aliyeilisha hakuwa mnywaji. Sera ya maji ya mwaka 1991 ikarudisha kuchangia, na mwaka 2022 Makonde ikatiwa katika mradi wa miji 28, kwa mkopo wa India. Pampu ikinyamaza siku tatu, mama hurudi mtelemkoni. Yeye ndiye alipaye deni ambalo wengine hawakulipa. Basi kwa maoni yetu ankara iliyolipwa Newala ni barua isomwayo mbali sana, na ofisi na shule zenye madeni zisifikiri ya kuwa barua yao haisomwi. Wala aliyelipa asione haya kudai maji yake.

Umeme wa mikoa yetu umetoka miaka mingi katika gesi ya Mnazi Bay. Njia ya nyaya kubwa kutoka Songea, kupita Tunduru, hata Masasi, ilikusudiwa kutuunganisha na gridi. Na hapo maji yashukayo Rufiji yatasaidia kupandisha maji Makonde.

Limebaki moja, nalo ni la waalimu. Chini ya magenge yetu ziko chemchemi, kama zile za Ndanda, na Mbwinji inywesheayo Masasi na Nachingwea. Hapana fundi atakayeamini chemchemi kwa kutazama siku moja. Hutaka hesabu za miaka mingi, za mvua na za maji. Kipimo cha mvua si kitu cha bei kubwa. Kisimikwe uwanjani mbali na miti, kisomwe saa 3 kila asubuhi, na kitabu chake kikae ofisini mwa mwalimu mkuu. Na siku za likizo achaguliwe mtoto wa karibu na shule.