Nguo za Mtoto: Nunua kwa Kipimo, Si kwa Umri



Mazungumzo ya leo ni ya mfuko. Si ajabu hapa Mombasa kumwona mtoto mchanga amevishwa sweta, kofia, soksi na viatu vipya, naye mamake hana nauli ya matatu ya kumrudisha kliniki kwa chanjo ya wiki ya 10 au ya 14. Familia isiyo na mshahara hutakiwa kuchangia SHA angalau shilingi 300 kwa mwezi, na pesa hizo mara nyingi humalizikia kwenye nguo ambayo mtoto ataivaa mara tatu.

Tuanze na jinsi mtoto anavyokua. Aliyezaliwa akiwa ametimiza miezi yake huwa na urefu wa karibu sentimita 50. Akifikisha mwaka mmoja huwa karibu sentimita 75. Mwaka wa pili mwendo hupungua, akaongeza kama sentimita 12 tu. Maana yake ni kwamba nguo ya mwezi wa kwanza huisha kazi baada ya wiki chache, lakini nguo ya mtoto wa mwaka na nusu huvaliwa miezi mingi, tena kwa kutambaa, kuanguka na kuchezea mchanga. Pesa zielekezwe huko. Kwa mtoto mchanga, fulana au kanzu nyepesi sita au saba zinatosha nyumba inayofua kila siku, pamoja na leso mbili laini na kofia moja ya siku za kwanza, wakati mwili wake haujaweza kutunza joto vizuri. Aliyezaliwa na uzito mdogo ana mahitaji yake, na mama afuate maagizo ya muuguzi. Viatu kabla mtoto hajasimama ni pambo tu. Sweta wakati wa kaskazi, Januari hadi Machi, humletea harara shingoni na kwapani, halafu mzazi anatoa pesa nyingine kununua poda.

Sasa sokoni. Wengi huenda Kongowea na kumwambia muuzaji, "Nataka ya miezi sita." Hapo ndipo pesa hupotea, kwa sababu watoto wawili wa miezi sita hawalingani, na viwanda navyo haviafikiani. Nguo za mitumba zilizotoka Uingereza na Marekani huandikwa miezi, na miezi ya kiwanda kimoja si ya kingine. Nyingi zilizotoka nchi nyingine za Ulaya huwa na nambari kama 56, 62, 68, 74 au 80. Nambari hiyo ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Za China nazo mara nyingi hufuata urefu, japo nambari zake hutofautiana kidogo. Kitabu cha kliniki kina mahali pa kuandikia urefu wa mtoto, si uzito peke yake. Mama akiona hapajajazwa, amwombe muuguzi ampime mtoto. Mtoto wa sentimita 64 anaingia kwenye 68. Anayemnunulia nguo ya kuvaa baadaye achukue 74, asiruke hadi 86 kwa tamaa ya bei, kwani nguo ndefu humkwaza mtoto anayejifunza kutembea.

Kamera, yaani nguo zinazochaguliwa kwanza mtumba unapofunguliwa, ni nzuri na bei yake ni ya juu. Fagia ni zile zinazobaki chini, na kwa nguo za watoto wachanga fagia haina aibu hata kidogo, maana aliyeivaa kwanza aliiacha kabla haijachakaa. Kwa mtoto wa miaka miwili mambo ni mengine: kagua magoti, makalio na mshono wa kati ya miguu, kisha vuta kitambaa kidogo. Vifungo vilivyolegea vikazwe au ving'olewe, kwa sababu mtoto atavimeza. Kamba za shingoni zikatwe. Kila nguo ya mtumba ifuliwe, ikauke kabisa juani na ipigwe pasi pande zote mbili. Pasi si ya urembo. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, na funza wake huingia chini ya ngozi. Moto wa pasi huyaua mayai hayo.

Zawadi za arobaini nazo zina hesabu yake. Mashangazi kumi wakija na nguo kumi za mtoto mchanga, mtoto ana mwili mmoja. Hakuna ubaya mzazi kuwaambia watu wake wa karibu mapema kwamba nguo za mwaka mmoja, sabuni au leso zitafaa zaidi. Wako wazee wanaokataza kununua chochote kabla mtoto hajazaliwa. Iwe imani au mila, angalau inamzuia mzazi kujaza sanduku kabla hajajua ukubwa wa mtoto wake.

Fundi wa cherehani wa mtaani naye asisahauliwe. Suruali iliyotoboka magoti hukatwa ikawa kaptula. Gauni hushonwa likiwa na pindo pana la chini, likafunguliwa mtoto akirefuka. Leso iliyochakaa ni laini kuliko mpya na hunyonya maji vizuri, kwa hiyo hufaa kwa nepi. Mtoto anayebadilishwa nepi za kutupa sita kwa siku hutumia 4,380 kwa miaka miwili. Hata nyumba isiyotaka kuziacha kabisa inaweza kuvisha nepi za kitambaa mchana na kubakiza za dukani kwa usiku na safari.

Nguo zilizomtosha mtoto wa kwanza huwekwa kwa ajili ya wa pili, na hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote. Ila kuna hatari moja inayohitaji kusemwa polepole. Vile vidonge vyeupe vya naftalini vyenye harufu kali, vinavyotiwa kabatini kuzuia nondo na mende, visiwekwe kamwe kwenye nguo za mtoto mchanga. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD. Ni jambo la kurithi, huwapata zaidi wavulana, na limeenea katika maeneo yaliyoishi na malaria vizazi vingi, Pwani ikiwemo. Mtoto wa namna hiyo akivishwa au akifunikwa nguo zilizokaa na naftalini, mvuke wake humwingia kwa pumzi na kwa ngozi, na chembe zake nyekundu za damu zikaanza kupasuka. Mzazi hawezi kumjua kwa kumtazama. Mtoto huonekana mzima kabisa.

Basi nguo zifuliwe, zikauke mpaka mishono, zitiwe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa au ndoo yenye mfuniko, bila dawa yoyote. Nguo ya mtumba inayonuka vidonge hivyo iachwe hapo hapo kwa muuzaji hata ikiwa ya bure. Nyanya aliyehifadhi shuka na leso za mjukuu kwa naftalini asilaumiwe, lakini vitu hivyo visimguse mtoto. Macho au ngozi ya mtoto ikigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, au akalegea na kukataa kunyonya, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na daktari aambiwe waziwazi kwamba nguo zake zilikuwa zimewekwa na vidonge vya nondo, maana bila kuambiwa huenda asiulize.