Dalali Mzuri Hukupeleka kwa Mwenye Mali

Ndugu zangu wana Rubya mlioko hapa Dar es Salaam na mliosafiri kutoka nyumbani,

Mwaka huu tunachangia kununua kiwanja cha bweni la wasichana kule nyumbani. Kamati imeniomba, kabla ya harambee, niseme machache kuhusu madalali. Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe.

Mwaka 2011 nilinunua kiwanja pembezoni mwa jiji hili kwa shilingi milioni sita. Dalali alikuwa mcheshi, akanionyesha kiwanja na karatasi yenye muhuri. Mwenye kiwanja, alisema, yuko safarini. Nikamlipa yeye taslimu, mkononi, mimi ninayekagua hesabu za watu! Baada ya miezi mitatu nikakuta mtu mwingine amechimba msingi, naye ana karatasi kama yangu. Milioni moja na nusu katika fedha zile ilikuwa ya kahawa ya mama. Mama alifariki mwaka 2019 bila kuniuliza hata siku moja kiwanja kimefikia wapi. Nadhani alijua.

Tangu hapo nimenunua na kuuza mara tatu, na nimekutana na madalali waaminifu. Udalali ni kazi halali, na ukifanywa vizuri unastahili malipo. Basi dalali mzuri tumtarajie nini?

Kwanza, akukutanishe na mwenye mali. Dalali anayemficha mwenye mali anaficha kitu kingine pia.

Pili, akuhimize kuhakiki. Kama kiwanja kina hati, afurahi ukienda kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Kama ni ardhi ya kijiji, kama ilivyo sehemu kubwa ya kwetu, akupeleke kwa uongozi wa kijiji. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, haki ya kimila haihamishwi bila idhini ya Halmashauri ya Kijiji. Majirani wote wa mpakani wawepo mnapopima.

Tatu, aulize habari za familia. Nyumba ya wanandoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Na kibanja cha ukoo kina mambo yake. Wengi mnaikumbuka kesi iliyoanzia Mahakama ya Mwanzo Kashasha, hapo hapo Muleba. Mwanamke aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, ndugu wakapinga kwamba mwanamke hana haki ya kuuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba haki yake ni sawa na ya mwanamume. Lakini alieleza pia kwamba mwana ukoo anaweza kulikomboa shamba kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Dalali anayeijua kazi yake kwetu atauliza mapema: ukoo umeambiwa?

Nne, akuambie na mabaya. Maji yanasimama masika? Gari linafika? Kuna hifadhi ya barabara? Afadhali ukose kiwanja leo kuliko kubomolewa kesho.

Tano, na hapa nasema kama mhasibu, asiguse fedha ya kiwanja. Ipite benki, iende kwa muuzaji, naye dalali alipwe ujira mliokubaliana tangu mwanzo, kwa risiti.

Akikwambia, "tuandike bei ndogo tukwepe kodi," ondoka. Tuseme umenunua kwa milioni 20, mkaandika 8. Siku ukiuza kwa milioni 30, faida yako halisi ni 10, lakini karatasi inasema 22. Kodi ya faida kwa mkazi ni asilimia 10, hivyo badala ya milioni moja utadaiwa milioni mbili na laki mbili. Aliyekuwa akikwepa ni muuzaji, anayelipa ni wewe. Na ukidhulumiwa ukaenda mahakamani, mkataba wako utasema ulitoa milioni 8 tu.

Ndugu zangu, wengi wetu tunanunua kwa simu. Tunatuma fedha nyumbani, tunaletewa picha ya migomba, tunaridhika. Na anayetutafutia mara nyingi ni ndugu, tunaona haya kumdai karatasi. Mimi niliona haya kumuuliza mtu nisiyemjua, sembuse binamu! Lakini kumwomba ndugu risiti si kumtukana. Ni kumlinda yeye na maneno ya watu.

Kwa hiyo nimeiomba kamati, nayo imekubali: kiwanja cha bweni hakitalipiwa hata shilingi kabla wajumbe watatu hawajakaa na muuzaji, familia yake na uongozi wa kijiji, na muhtasari ukasomwa mbele yenu. Mkiona tunachelewa, mtuvumilie. Fedha mtakazotoa leo, nyingine ni za kahawa ya mama wa mtu.

Naanza mimi, shilingi laki tano.