Farasi wa Njoro na Mbung'o wa Kwetu



Kijana mmoja wa Kidato cha Pili ameniuliza asubuhi kwa nini Kilwa hatuna mbio za farasi. Nitamjibu kwa habari za dume mmoja, Camciscan, aliyefugwa na Clutterbuck huko Njoro, Kenya, ili azalishe farasi wa mbio. Baba yake, Spearmint, alishinda Derby ya Uingereza mwaka 1906. Beryl, binti wa Clutterbuck, alimtunza Camciscan, akamweleza katika kitabu chake cha mwaka 1942.

Sasa mleteni Kilwa Masoko! Nadhani asingemaliza hata masika moja. Mbung'o wangemwuma, akapata nagana, akakonda hadi kufa. Waingereza waliyaona hayo. Walitua Kilwa mwaka 1916, na katika vita vile farasi wao walikufa kwa maelfu. Mizigo ikapanda vichwani mwa watu, babu zetu wakiwemo. Wapagazi wengi walikufa kwa maradhi na njaa, wakazikwa pasipo jina kaburini.

Nasaba ya Camciscan naweza kuwasomea hadi kwa babu yake Carbine, mshindi wa Melbourne Cup ya mwaka 1890.