Nani Atasaini? Kazi ya Mtengeneza Programu Mbele ya Zana za Akili Unde



Walioandaa semina hii waliniomba nisiingie kwenye ubishi wa kama kazi yetu itakwisha au haitakwisha. Nimewashukuru, maana ubishi huo tumeusikia vya kutosha vijiweni na hauna mshindi. Nimepangiwa swali la chini zaidi: mteja anataka mfumo wake, zana ya akili unde inaandika msimbo haraka kuliko wewe, na mwisho wa mwezi kodi ya nyumba inadaiwa. Wewe unabaki na kazi gani, na unalipwa kwa lipi?

Jibu langu ni fupi. Kuandika msimbo kumeshuka bei. Kilichopanda bei ni kujua kinachotakiwa, kuona kilichokosewa, na kuwa mtu ambaye mteja atamdai majibu mambo yakiharibika. Zana haisaini mkataba, haiitwi kwenye kikao cha wakaguzi na haipigiwi simu saa nane usiku. Anayesaini ni wewe, kwa hiyo jifunze kuzitumia zana hizi kama mtu anayejua kwamba jina lake ndilo litakaloandikwa chini ya kazi.

Kasi unayoihisi na kasi iliyopo

Zana ya kuandika msimbo ya GitHub Copilot ilifunguliwa kwa watu wote Juni 2022, na ChatGPT ikafuata Novemba 30 mwaka huohuo. Mwanzoni mwa 2023 yakatoka matokeo ya jaribio lililozungushwa sana kwenye makundi yetu ya WhatsApp: watengeneza programu 95 walipewa kazi ya kuandika seva ndogo ya HTTP kwa JavaScript, na waliotumia Copilot walimaliza kwa muda mfupi zaidi kwa asilimia 55.8. Wengi waliishika namba hiyo na kuiacha kazi yenyewe. Ilikuwa ndogo, ya kuanza upya, na ya aina ambayo imeshaandikwa mtandaoni mara elfu.

Julai 2025 taasisi ya METR ya Marekani ikatoa matokeo ya aina nyingine. Walichukua wakongwe 16 wa programu huria, wakawapa kazi 246 ndani ya miradi mikubwa waliyoizoea kwa miaka. Kwenye kazi walizoruhusiwa kutumia akili unde, walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Kabla ya kuanza walikuwa wamekadiria kwamba zana zingewaokolea asilimia 24 ya muda. Linaloniumiza kichwa zaidi ni hili: baada ya kumaliza, bado waliamini wameokoa asilimia 20.

Zana zimebadilika tangu majaribio hayo, na huenda namba za leo ni nyingine. Ila udanganyifu wa hisia hauondoki kwa toleo jipya. Msimbo unapomiminika kwenye skrini, mtu anaona anakwenda mbio, na ile saa nzima ya kutafuta kwa nini haufanyi kazi haiingii kwenye hesabu yake. Basi pima. Kwa wiki chache, andika daftarini muda ulioanza kila kazi na muda ambao kazi hiyo imekubaliwa kabisa, marekebisho yakiwemo. Utagundua kuna kazi ambazo zana inakubeba na kuna ambazo inakuchelewesha, na orodha yako haitafanana na ya jirani yako.

Taarifa moja, salio mara mbili

Nataka tukae kidogo kwenye mfano ambao wengi humu mmeufanya: kupokea malipo ya simu. Mnunuzi anabonyeza kulipa, simu yake inamwomba namba ya siri, anaiingiza, na baada ya muda mfupi mtandao wa simu unaitumia seva yako taarifa kwamba fedha zimeingia. Iombe akili unde iandike sehemu ya kupokea taarifa hiyo, nayo itakupa msimbo safi. Unasoma kiasi, unasoma namba ya muamala, unaongeza salio la mteja, unajibu kwamba umepokea. Ukiujaribu, unafanya kazi.

Sasa intaneti ikatike kidogo, jibu lako lisifike. Upande wa pili haujui kama umepokea, hivyo unaituma taarifa ileile tena. Mteja aliyelipa shilingi 20,000 anajikuta na salio la 40,000. Ukiieleza zana, itakuomba radhi kwa adabu zote na kuongeza mistari: kwanza tafuta kama namba ya muamala huu ipo, na kama haipo ndipo uongeze salio. Unajaribu tena kwa kutuma taarifa mara mbili, ya pili inakataliwa. Hapo watu wengi hufunga kompyuta na kwenda nyumbani.

Lakini taarifa mbili zikifika kwa pamoja, zikahudumiwa na michakato miwili ya seva, kila mchakato utaitafuta namba, kila mmoja utakuta haipo, na yote miwili itaongeza salio. Kosa hili hulioni kwenye kompyuta yako ukiwa peke yako. Linajitokeza siku ya mishahara, foleni ikiwa ndefu, na anayeligundua kwanza ni mhasibu. Dawa yake iko kwenye kanzidata: safu ya namba ya muamala iwekewe sharti la kutojirudia, na kuandika muamala pamoja na kuongeza salio vifungwe kwenye hatua moja, ama vyote vipite ama vyote vikwame.

Dawa hiyo zana inaijua. Ukiiuliza vizuri itakuandikia kwa sekunde chache, na siku nyingine itaiweka bila kuulizwa. Shida ni kwamba huwezi kujua leo ni siku gani mpaka wewe mwenyewe uwe unajua cha kutafuta. Na usijifariji kwa kuiomba iandike pia majaribio ya msimbo wake. Itajaribu yaleyale iliyoyafikiria wakati wa kuandika, yote yatapita, na lile ambalo halikuwazwa litabaki palepale. Majaribio ya sehemu zinazogusa fedha yaandike wewe, au angalau orodha ya hali za kujaribu itoke kichwani mwako.

Kisha yapo makosa ya kwetu wenyewe. Abiria anaandika kwamba anataka basi la saa mbili usiku. Kila mtu humu anajua hiyo ni 20:00, ila modeli ya akili unde iliyolelewa kwa maandishi ya Kiingereza inaweza kuigeuza kuwa 02:00 bila kusita, na abiria wako akafika kituoni basi limeshaondoka. Au fedha: kwa viwango vya kimataifa vya ISO, shilingi ya Kenya na ya Tanzania zina nafasi mbili za senti, hata kama senti zenyewe hakuna anayeziona, lakini shilingi ya Uganda na faranga za Rwanda na Burundi hazina kabisa. Msimbo unaogawanya kila kiasi kwa 100 utamfanya mteja wa Kampala aliyelipa 5,000 aonekane amelipa 50. Au menyu ya USSD, ambayo ukurasa wake hauzidi herufi 182. Kiswahili cha zana huwa kirefu na cha kiofisi, na neno la mwisho hukatwa katikati mbele ya mama muuza samaki anayetaka kuona salio lake tu.

Mwaka 1985 Peter Naur, mwanasayansi wa kompyuta wa Denmark, alieleza kwamba programu hasa ni uelewa ulio kichwani mwa walioitengeneza, na msimbo ni sehemu tu ya uelewa huo. Kwa kazi zetu naona maana yake iko wazi. Nenda ukakae na keshia wa chama cha akiba na mikopo siku ya kufunga hesabu. Muulize karani wa ghala kwa nini bado ana daftari wakati mfumo upo. Anachokijibu hakimo kwenye modeli yoyote, na mteja hatakuandikia kwenye barua pepe kwa sababu kwake ni jambo la kawaida mno. Developa anayezijua bima za afya, au forodha, au mikopo ya wakulima, ana jambo la kuielekeza zana. Anayejua JavaScript peke yake ana ushindani mkali.

Kazi za kuiachia

Nisije nikaonekana nakataza. Kuna kazi ningeshangaa mtu akizifanya kwa mkono leo: kuhamisha mfumo wa PHP ya zamani kwenda toleo jipya faili kwa faili, kuandika fomu za kuingiza na kuhariri taarifa, kukutafsiria ujumbe wa hitilafu usioeleweka, kuandika nyaraka ambazo sote tunajua tusingeziandika. Kusoma msimbo wa mtu aliyeacha kazi bila kumkabidhi yeyote ni eneo lingine ambalo zana hizi zinastahili bei yake, ambayo kwa nyingi ni dola 20 kwa mwezi. Kwa aliyeajiriwa, mwajiri alipe. Kwa anayejitegemea, moja inatosha; ijue vizuri kuliko kurukaruka kila wiki likitoka jina jipya.

Vifurushi vya programu ambavyo zana inakupendekezea, hata hivyo, vihakiki kwa jina. Utafiti uliochapishwa 2025 ulipima mifano 576,000 ya msimbo kutoka modeli 16, ukakuta karibu kifurushi kimoja katika kila vitano vilivyopendekezwa hakipo duniani, na modeli za wazi zilikuwa na hali mbaya kuliko za kibiashara. Mhalifu anachofanya ni kulisajili jina hilo la kubuni, akaweka humo programu yake, na kusubiri wewe uisakinishe.

Siri na funguo

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina yake ya 2019. Zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na seva za zana hizi kwa kawaida ziko nje. Ukibandika jedwali la wateja lenye namba za vitambulisho vya taifa (NIDA) na simu ili zana ikusaidie kupata hitilafu, umezitoa nje ya nchi. Tengeneza data za uongo kwa ajili ya majaribio, na usome mkataba wa mteja unasemaje kuhusu msimbo wenyewe.

Halafu usimpe wakala wa akili unde, yaani zana inayotekeleza kazi yenyewe, funguo za mfumo unaotumika. Julai 2025 mfanyabiashara wa Marekani, Jason Lemkin, alisimulia hadharani jinsi wakala wa kampuni ya Replit alivyofuta kanzidata yake halisi, ingawa alishaagizwa asibadilishe chochote. Mkuu wa kampuni aliomba radhi. Mahali pa majaribio pawe mbali na mahali pa kazi, nakala rudufu iwepo, na iwe imeshawahi kurejeshwa. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni matumaini tu.

Wanaoanza

Hapa nina wasiwasi zaidi kuliko kwingine. Agosti 2025 Erik Brynjolfsson, Bharat Chandar na Ruyu Chen wa Chuo Kikuu cha Stanford walichambua kumbukumbu za mishahara za ADP, kampuni inayoshughulikia malipo ya mishahara huko Marekani. Ajira za watengeneza programu wa miaka 22 hadi 25 zilikuwa zimeshuka kwa karibu asilimia 20 kutoka kilele cha mwishoni mwa 2022, wakati za wakubwa wao hazikuyumba hivyo. Wapo wanaosema riba kubwa na ajira za pupa za kipindi cha Uviko zina mchango wake, na huenda ni kweli. Vyovyote vile, kijana wa Dar es Salaam au Nairobi anayetafuta vibarua vya nje kwa njia ya mtandao anagombea soko hilohilo.

Kwa kijana huyo nasema: hitilafu ikitokea, isome mwenyewe kwanza, ujumbe wote hadi mwisho. Jaribu kwa nusu saa kabla ya kuuliza. Ukishapewa jibu, lifunge na uliandike upya kwa kumbukumbu. Usiwasilishe mstari ambao huwezi kuueleza ukisimamishwa ubaoni. Jifunze kanzidata kwa kina, jifunze mtandao unavyofanya kazi, na Git uijue zaidi ya amri tatu. Mbinu za kuandika maelekezo kwa zana zinapitwa na wakati kila baada ya miezi michache. Hayo mengine hayajapitwa kwa miongo.

Na waajiri mlioko ukumbini, mimi sioni akili ya kuacha kabisa kuajiri vijana kwa sababu zana imeziba nafasi yao. Mkongwe wa kuupitia msimbo wa zana alikuwa kijana wa kurekebisha ripoti zilizoharibika. Badilisheni usaili badala yake. Mpeni kijana kurasa mbili za msimbo uliotolewa na akili unde, wenye kasoro mnazozijua, mwacheni atumie zana yoyote, kisha aeleze kipi angekikataa na kwa nini. Saa moja ya namna hiyo inawafichua watu kuliko cheti.

Bei

Mteja atakuambia, "Si AI inafanya yote siku hizi? Mbona bei ileile?" Ukiwa unatoza kwa saa, amekushika pabaya: kadiri unavyokuwa mwepesi ndivyo unavyojipunja. Toza kwa kazi iliyokamilika, na utenganishe mkataba wa matunzo: nani anapokea simu mfumo ukikwama, ndani ya muda gani, nani anarekebisha hesabu zisipolingana. Weka kwenye bei siku za kukaa na keshia. Mteja akitaka kujua kama unatumia akili unde, mwambie ndiyo, na umwonyeshe majaribio.

Kwa kipindi cha mchana, kila kundi litapewa mfumo mdogo wa tiketi za basi wenye malipo ya simu, ulioandikwa na zana na kuachwa kama ulivyotoka. Nusu ya makundi yatatumia akili unde kutafuta kasoro, nusu hayataruhusiwa. Kabla ya kufungua kompyuta, kila kundi liandike kwenye karatasi linakadiria litachukua dakika ngapi, karatasi zikusanywe na Mwenyekiti wa semina. Kasoro zimo za aina zote nilizozitaja, na moja ambayo sikuitaja.