Moyo wa mama mzazi
Kwa mama aliyejifungua Masisi au Walikale, mashariki mwa Kongo, pumzi fupi na miguu iliyovimba hudhaniwa upesi kuwa uchovu wa uzazi. Mara nyingine ni moyo uliodhoofika, maradhi yanayoanza mwezi wa mwisho wa mimba hadi miezi mitano baada ya kujifungua. Mama akilala chali anakosa hewa. Anakesha ameegemea ukuta. Mashine ndogo ya ekografia, ya kushikwa mkononi, huonyesha moyo usiosukuma damu vizuri, bila kungoja safari ya kwenda hospitali ya Goma. Ila lazima awepo wa kuisoma. Wakunga na wauguzi wanawake ndio wanaoshinda na wazazi hawa: wao wafundishwe kwanza, tena palepale wodini. Wizara ya Afya na wafadhili, tengeni fedha za mafunzo haya.